Rangi Haijakauka

Ufuoni, upande wa Bondo
12 Februari 2025

Okewo wangu Akello,

Pokea barua hii kwa mikono miwili maana imesafiri kama mheshimiwa, juu ya barafu. Nasir wa lori la samaki ameiweka chini ya kiti chake kutoka hapa mpaka Kisumu. Ikinuka mbuta usimlaumu mwandishi, ilaumu posta.

Kwa nini sikupiga simu? Simu yangu imemezwa! Niliinama ziwani kunawa rangi mikononi, simu ikachomoka mfuko wa shati, chubwi! Kabla haijafika chini, mbuta mkubwa kama mlango wa kanisa akaipokea kwa mdomo. Siku mbili nzima watu wakinipigia wanasikia mtu anapumua tu. Mama yako mwenyewe alipiga, akaongea na huyo samaki weee, halafu akamwambia Nasir, "Siku hizi Joram amekomaa. Siku hizi anasikiliza." Uliza mtu yeyote hapa ufuoni.

Sasa. Mama yako anasema una malaria, ndiyo maana simu yako imezimwa. Malaria si kitu. Mimi nilipougua mwaka ule, mbu aliyeniuma ndiye alilazwa. Pona haraka, kazi inakungoja.

Boti ya Mama Dorca imekwisha! Iko hapa juu ya magogo, mbao zinanukia, na ubavuni nimeandika mimi mwenyewe, herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano: UPEPO WA BABA. Herufi zangu Waganda wanazisoma wakiwa kwao, bila miwani. Niliacha shule darasa la sita, lakini ukweli ni kwamba shule ndiyo ilishindwa kunifuata.

Unajua marehemu mume wa Mama Dorca, Okello, alikuwa ndugu yangu wa ukoo. Kwa hivyo wewe, mtoto wa dada yetu, ni okewo wa boma lile pia, na katika boma lile boti mpya haigusi maji kabla okewo hajaibariki. Okewo anachota maji ya ziwa, anayajaza kinywani, anayapuliza kwenye pua ya boti, pfuuu! Halafu anaita jina lake mpaka watu wa ng'ambo waulize kuna nini. Siku ni Jumamosi, tarehe mosi Machi. Nimeshamwambia kila mtu kwamba okewo wangu ni bingwa wa midahalo shuleni kwao, kwamba akifungua mdomo ng'ombe wanaacha kutafuna.

Usiniangushe.

Mimi mjomba wako,
Joram Owiti
Fundi wa Herufi, Bingwa wa Ziwa Upande Huu Wote

*

Kisumu
15 Februari

Mjomba,

Sina malaria. Mama aliona aibu kusema, na mimi sikumkataza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napiga mswaki, nikasukutua, maji yakatoka yenyewe pembeni mwa mdomo. Nikadhani niko na usingizi. Nikaenda shule hivyo hivyo. Darasani Bridget akaniambia, "Mbona unanikonyeza-konyeza tangu tuingie?" Mjomba, sikuwa namkonyeza. Nilikuwa napepesa macho kama mtu yeyote, lakini jicho la kulia lilikuwa limekataa kufunga, likipepesa la kushoto peke yake. Nikataka kucheka, nikaona Bridget ameacha kucheka. Akatoa kioo kwa mkoba wake akanipa. Upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa umelala. Kama pazia lililotoka kwa ndoano.

Mama aliacha meza yake ya mitumba pale Kibuye bila mtu akaja mbio na kandambili. Tulifikiri ni kiharusi. Daktari akaniambia nikunje paji la uso, nivimbishe mashavu, nitabasamu, akasema hapana, ni neva ya uso imevimba. Amenipa tembe, matone ya jicho, na usiku nalibandika jicho na plasta ili lisikauke. Anasema wengi hupona. Nikamuuliza lini. Akasema wiki kadhaa, au miezi. Hakuna anayejua.

Kwa hivyo siji. Chai nakunywa kwa mrija na bado inamwagika, sasa maji ya ziwa nitayashika vipi kinywani mbele ya watu wote hao? Na jina lenyewe ulilochagua lote ni midomo. Nikisema "baba" inatoka hewa. Simu nimempa mama, sitaki mtu aniambie washa video.

Shule pia siendi. Usinishawishi. Na usimwambie mtu hata mmoja. Hata huyo samaki.

Akello

*

Ufuoni
17 Februari

Okewo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena nimekaa. Siri yako nimeifukia. Mimi ni kaburi! Watu hunisingizia kwamba napenda kuongea, lakini kuna mambo niliyoambiwa mwaka tisini na nane ambayo mpaka leo nimewaambia watu wachache sana.

Kwanza, dawa. Pap Onditi kuna mzee anayerudisha nyuso kwa kofi moja. Anapiga upande ulio mzima, pa! Upande uliolala unaamka kuja kuona kelele ni za nini. Amerudisha nyuso za machifu. Nitakupeleka mwenyewe.

Pili, watu. Najua kinachokutesa si chai, ni watu kuuliza. Mtu akikuuliza usimpe ukweli, ukweli haumshibishi, ataongeza swali. Mpe hadithi. Hizi hapa tatu, chagua:

Sema uso wako ni wa zamu kama askari wa usiku, na huu upande wa kulia umegoma kudai nyongeza.

Au sema ulimwona mjomba wako akifanya kazi ya rangi, uzuri ule nusu ya uso ikashindwa kuvumilia.

Au sema ulikuwa unachota maji ziwani Dunga, mamba akakupiga kofi na mkia. Wakikuonea huruma, waambie wakamwone mamba kwanza.

Tatu, ile tarehe mosi Machi isikutie tumbo joto. Boti yenyewe haiwezi kushuka. Rangi haijakauka. Ni hii hewa ya ziwa, unyevunyevu mwingi, rangi inakaa mbichi kama ugali wa bwana harusi. Tumesogeza mpaka mwisho wa Machi. Kwa hivyo hujamkosesha mtu kitu.

Nimekutumia omena, dagaa wetu, kwa Nasir. Kula vichwa, vina nguvu za uso.

Joram Owiti
Kaburi la Siri

*

Kisumu
26 Februari

Mjomba,

Nilimsomea dada Nangila, yule wa mazoezi pale hospitali, habari ya mzee wa Pap Onditi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka akasema, "Huyo mzee akikugusa, nitamtafuta mimi binafsi." Kwa hivyo mwambie mzee apumzishe mkono.

Nangila hataki nilazimishe. Nikilazimisha, anasema, neva zikirudi zinaweza kurudi na njia zisizo zake, nikitabasamu jicho likafunga. Ananikalisha mbele ya kioo, nasugua shavu polepole na vidole, naliinua kwa mkono pale linapotakiwa kwenda, naliambia, "Huku." Kama kumfundisha mtoto njia ya dukani. Upande wa kushoto nao nauzuia usijifanye ndio uso wote.

Hadithi ya kugoma ilinichekesha, Mjomba. Nilicheka kwa sauti. Bahati mbaya nilikuwa kwenye kioo. Nilijiona nikicheka nusu, nikanyamaza, nikalia, na hata kulia kulikuwa kwa fujo kwa sababu jicho la kulia lina machozi yake lenyewe, halingoji huzuni.

Jana mama alinituma mkate. Nilifunga leso mpaka puani. Mtoto mdogo dukani akasema, "Mama, mwizi." Sitoki tena.

Okewo mko nao wengi. Mwambie Mama Dorca achague mwingine mwenye midomo miwili. Sisemi hivi kwa hasira.

Akello

*

Ufuoni
3 Machi

Okewo!

Wengine hapana! Nimeshaandika wewe, na mimi nikiandika kitu hakifutiki.

Shika hapa, nimegundua jambo ambalo hata huyo Nangila, na heshima zake zote, hajalijua. Nilijiuliza, Joram, unampaje mtoto ushauri wa mdomo ambao huna? Nikachukua vibanio vya nguo viwili vya jirani, nikajibana midomo upande wa kulia. Machozi yalinitoka! Nikachota maji, nikajaza kinywa, yakatoka yote shatini. Nikachota tena. Kutoka alfajiri mpaka mitumbwi ya omena inarudi na jua limepanda, ziwa likapungua, uliza wavuvi, mitumbwi mitatu ilikwama mchangani.

Lakini nimepata! Siri ni hii. Usishike maji mbele ya kinywa, yashike nyuma, shavu la kushoto. Kichwa ulaze kushoto kama mtu anayesikiliza umbeya. Kidole kimoja kizuie pembe ya kulia kama kifuniko. Hapo maji yanakaa. Na ukitaka kupuliza, unaachilia kidole na kusukuma kwa ulimi, pfuu! Sikukosa tena. Hata vijana wa hapa wamejaribu, Wechuli yule fundi wa injini anayafikisha mpaka hatua tano na vibanio vyake mdomoni. Ufuo mzima unarusha maji, mbwa wamehama.

Sikumwambia mtu ni kwa nini. Nilisema ni dawa ya jino.

Boti bado. Rangi, rangi! Nimemwambia Mama Dorca avumilie mpaka katikati ya Aprili.

Joram Owiti
Mvumbuzi

*

Kisumu
9 Machi

Mjomba,

Leo Nasir ameleta omena. Nilifungua mlango bila leso kwa sababu nilidhani ni mama. Hakushtuka. Akaniangalia kwa huruma akasema, "Pole na uso, dada. Usijali, sisi ufuoni wote tunakufanyia mazoezi."

Ufuoni wote.

Nilikuomba kitu kimoja tu.

Usiniandikie tena.

A.

*

Kibuye, Kisumu
29 Machi

Joram,

Ni mimi, Lornah. Naandika hapa mezani kwangu juu ya marobota, wateja wachache. Nilikuwa nimepanga barua hii iwe ya matusi kuanzia juu mpaka chini, na mengine nilikuwa nimeyakusanya tangu tukiwa watoto. Mtoto wangu alikaa siku nyingi amegeukia ukuta kwa sababu ya mdomo wako. Wewe na huo mdomo! Mungu alipogawa midomo ulipanga foleni mara mbili.

Lakini Alhamisi Mama Dorca alikuja sokoni kununua mapazia. Akakaa kwa kiti changu, akaniambia, "Lornah, huyo ndugu yako ana nini na boti yangu?"

Nikamwambia nasikia rangi haikauki.

Akanitazama. Akasema, "Mama, mimi nimezaliwa ufuoni. Rangi ya boti inakauka kwa jua la siku mbili. Huyu kila nikipanga siku, kesho yake nakuta amekwangua herufi kwa msasa ameanza upya. Jina la boti yangu ameliandika mpaka mbao zinalijua. Wavuvi wangu wanamtukana, watoto wanamwimbia. Jirani alitaka boti yake iandikwe akamwacha akaenda kumwita fundi kutoka Bondo. Nikimuuliza ananiambia ni unyevunyevu."

Nikamuuliza kwa nini hajamfukuza.

"Mwanzoni nilitaka," akasema. "Halafu wiki ile ya vibanio nikamkuta amekaa peke yake nyuma ya boti, midomo imevimba kama andazi, anasema 'baba, baba, baba' na maji yanamtiririka shingoni. Nikambana mpaka akasema mtoto ana nini. Wechuli alikuwa chini ya injini akasikia, na kutoka hapo unajua. Lakini kuhusu kusogeza siku hajawahi kukubali, hata kwangu. Mwanaume aliyejisifu kwa kila pumzi tangu nimjue, sasa anatukanwa kwa jambo zuri na amenyamaza. Nikaona nimwache. Samaki hawahami ziwani."

Joram, mimi nimekujua miaka hamsini. Ulijisifu hata kwa surua. Sikujua unaweza kunyamaza.

Nimemwambia Akello. Akaenda kwenye kioo akakaa. Halafu akaniita, "Mama, angalia hapa," na pembe ya mdomo, ile ya kulia, ikacheza. Kidogo, kama samaki akigusa ndoano. Tulipiga kelele mpaka majirani wakaja na rungu.

Matusi nimeyaweka akiba. Yasioze.

Dada yako,
Lornah

*

Kisumu
1 Aprili

Mjomba,

Hii si ya siku ya wajinga.

Njia yako ya shavu la kushoto inafanya kazi. Nilimwonyesha Nangila, akasema, "Mwambie mjomba wako asiandike kitabu, lakini kwa kunywa maji, sawa." Juzi maji yalikaa kinywani mpaka mama akamaliza kutafuta simu aliyokuwa ameishika mkononi. Chai sasa nakunywa kwa kikombe, naweka kidole.

Jicho linafunga karibu lote. Usiku bado plasta. "Baba" inatoka, ila kama mtu anapuliza taa.

Bado nimekasirika kuhusu Nasir na Wechuli na mbwa. Nimekasirika kidogo. Lakini nimekuwa nikifikiria: watu ninaoogopa kuwaona ni wale ambao hawajui. Huko kwenu hakuna asiyejua. Ni mahali pekee duniani ambapo siwezi kuulizwa.

Shule inafunguliwa Jumatatu tarehe ishirini na nane. Nimemwambia mama nikiweza ufuoni, nitaweza darasani. Nisipoweza, sijui.

Kwa hivyo nauliza tu: rangi imekauka?

Akello

*

Ufuoni
4 Aprili

Okewo wangu! Okewo wangu! Okewo wangu!

IMEKAUKA!

Muujiza! Nasir amenipa barua yako asubuhi, nikaisoma, nikaenda kugusa boti, kavu! Kavu kama koo la mhubiri! Sijui ni upepo, sijui ni nini, sayansi itafute. Nimekimbia mpaka kwa Mama Dorca, nimepita kuku wake, nimepita mbwa, nikamwambia, "Mama, Jumamosi tarehe ishirini na sita!" Akasema, "Hee, Joram, unyevunyevu umeisha?" Akacheka sana yule mama. Sijui alikuwa anacheka nini.

Mambo mengine dada yangu aliyoyaandika sitayajibu. Mtu akisema fundi hodari hakwangui herufi zake, mwambie fundi hodari peke yake ndiye anaruhusiwa.

Wewe usilete kitu. Leta uso tu, vile ulivyo. Mchungaji atasali, kwaya itaimba, kuna mbuzi, na kuna samaki, ngege wakubwa mpaka inabidi waingie sufuriani kwa zamu. Vijana nimewapa amri: asiwepo mwenye kibanio. Atakayekutazama sana nitampaka rangi.

Na ukikosa, okewo? Ukikosa, maji ni mengi. Ziwa zima tumelikodi.

Mimi,
Joram Owiti
Mkaushaji

*

Ufuoni
30 Aprili

Okewo wangu Akello,

Najua ulikuwepo. Lakini nakuandikia ili historia isipotee, maana waliokuwepo nao husahau, na wengine wenu mlikuwa mnatazama maji.

Basi iandikwe kwamba siku ile ziwa lilitulia kama chai ya wageni. Watu walikuja kutoka Bondo, kutoka visiwani, kutoka Uganda, wengine hawakuwa na pasipoti. Okewo akatoka kwenye umati bila leso. BILA LESO! Wanawake wakapiga sigalagala, vigelegele vya kwetu, mpaka ndege wakadondosha samaki. Akaingia majini mpaka magotini, akachota kwa kibuyu cha marehemu Okello, akajaza kinywa, akalaza kichwa kushoto kama alivyofundishwa na mtaalamu fulani ambaye jina lake sitalitaja, ni Joram. Akapanda mchanga, taratibu, na hakuna tone lililomponyoka. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu saa tatu.

Halafu, pfuuuuu! Maji yale yalipaa! Yakapita juu ya kwaya, yakatengeneza upinde wa mvua, yakambatiza mchungaji mara ya pili, yakatua kwenye pua ya boti katikati kabisa, kama risasi! Na sauti! UPEPO WA BABA! Ng'ambo wakajibu, "Tumesikia!" Boti ikateremka yenyewe, vijana wakaifuata mbio kuipanda.

Na usiku ule ule ikarudi na mbuta mkubwa. Walipompasua, ndani simu inalia. Nikapokea. Ilikuwa ni mama yako.

Sasa niambie, Jumatatu ilikuwaje? Niambie yote. Uji wangu hapa umepoa nikingoja.

Joram Owiti
Mwanahistoria

*

Kisumu
10 Mei

Mjomba,

Umeandika vizuri. Sasa acha na mimi niandike, ili historia isipotee yote.

Maji ya kwanza niliyameza kwa woga. Ya pili yalimwagika yote kifuani, na hakuna aliyecheka, ila Wechuli alikohoa ukampiga teke, nilikuona. Ya tatu ndiyo yalikaa. Nilitembea nayo mpaka kwenye boti, nikaachilia kidole, nikasukuma. Na hayakwenda kwenye pua ya boti, Mjomba. Yalikwenda kulia, kwa sababu kulia ndiko mlango wangu umelegea. Yakapiga herufi zako. Nikaona nimeharibu, nikakimbia na leso kuyapangusa, nikapangusa kwa nguvu, na leso ikatoka nyekundu.

Rangi haikuwa imekauka.

Wewe! Ulikuwa umeipaka tena asubuhi ile! Mama Dorca anasema alikukuta alfajiri na brashi, ukamwambia unataka tu B ya mwisho ing'ae kwa sababu mimi naja. Ndiyo maana ulikuwa unaniashiria kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza nyuki, mimi nikadhani unanitia moyo, nikazidi kupangusa. B ikavutika mpaka chini, tumbo lake la kulia limeteremka.

Nilitaka ziwa linimeze kama simu yako. Halafu Mama Dorca akaja, akaweka kidole chini ya ile B, akaanza kucheka na kulia pamoja. Akasema, "Okello alipokuwa okewo kwa wajomba zake, hakuwahi kuipiga pua ya boti hata mara moja. Alikuwa na pengo upande huu. Maji yalikuwa yanakwenda kwa watu." Akageuka akakuambia wewe, "Na wewe Joram, nikikuona na msasa karibu na hii herufi, nitakukwangua wewe." Hapo ndipo niliita jina. Haikufika ng'ambo, Mjomba. Lakini B zote mbili za "baba" zilitoka, na mimi nilizisikia.

Hiyo sehemu umeisahau kuandika.

Jumatatu niliingia darasani. Jicho limebaki na ufa mdogo, na nikicheka upande wa kulia unafika umechelewa, kama mtu anayetoka mbali. Nangila anasema utazidi kukaribia. Bridget alinikumbatia. Wengine walikaa kimya, kimya kile cha watu walioambiwa wawe wazuri. Mpaka jamaa mmoja wa nyuma akashindwa akauliza, "Akello, uso ulifanya nini?"

Nikasimama. Nikawaambia nilikuwa nachota maji Dunga, mamba akatokea. Mkubwa kama basi la shule. Akanipiga kofi na mkia hapa, kulia. Nikamwangalia. Nikakunja mkono na mimi nikampiga lake. Mpaka leo yeye ndiye hawezi kutabasamu, akimkamata mtu nyama inadondoka pembeni, amekonda, mama yake anamlisha kwa mrija. Tena nasikia anatafuta mazoezi.

Darasa lilianguka. Mwalimu alikuja mlangoni kuuliza ni nani amekufa. Na mimi nikacheka nao, Mjomba, nikasahau kabisa kuweka mkono mdomoni, sijui nilionekanaje na sikuangalia.

Yule jamaa wa nyuma akaniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia, uliza mtu yeyote kule ufuoni.

Okewo wako,
Akello
Bingwa wa Kurusha Maji Kulia, Ziwa Upande Ule Wote